Programu Inayomsikia Mtu

Skrini ya fundi wa mitandao anayeshika zamu ya usiku hapa Kigali haina picha. Ni dirisha jeusi lenye maandishi: mstari mmoja kwa kila mji, Huye, Musanze, Rubavu, Rusizi, Nyagatare, na mbele ya kila jina kuna namba inayobadilika kila sekunde. Namba hiyo ni muda ambao ujumbe mfupi umechukua kwenda kwenye ruta ya mji huo na kurudi. Laini ikikatika, namba inatoweka na mstari unakuwa mwekundu. Fundi anabonyeza mshale wa chini mpaka afike Rusizi, anabonyeza Enter aone kilichotokea, kisha anabonyeza q atoke.

Kwa mtazamaji, hapo hakuna la ajabu. Lakini anayeandika programu ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hugundua kwamba ameidai kompyuta mambo mawili kwa pamoja: iendelee kubadilisha skrini bila kukoma, na imsikilize mtu bila kumkawiza. Programu inayofuata amri moja baada ya nyingine haiyawezi yote mawili mpaka mwandishi wake akae chini apange. Hapo ndipo nimewaona vijana wengi wenye akili wakikwama.

Mimi ni fundi wa mitandao, mkazi wa Nyamirambo, ambako Kiswahili kimesikika barabarani tangu enzi za babu zetu. Jumamosi alasiri nakutana na vijana katika chumba kimoja Biryogo. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja wakiwa wametoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kigali ya leo ina mahali pengi pa kujifunzia. kLab imefungua milango tangu mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi lake hapa tangu 2011, na kule Nyabihu iko Rwanda Coding Academy iliyoanza 2019. Vijana wangu wanazijua taasisi hizo na wanatamani kufika huko. Karibu wote wanataka kuanza na programu za simu zenye rangi na picha. Mimi nawaanzisha kwenye dirisha jeusi, kwa kuwa pale hakuna kinachoficha uhusiano kati ya kidole cha mtu na mashine. Programu ikimpuuza mtumiaji, inajulikana papo hapo.

Njia tatu za kukwama

Zoezi la kwanza huwa hili: andika programu inayoonyesha hali ya laini tano, ibadilike kila sekunde, na itoke mtu akibonyeza q. Tunatumia lugha ya Python, maana ni nyepesi na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani.

Wengi huanza kwa kuchora orodha, kisha wanaweka amri ya kusoma kibodi, kisha wanarudi juu kuchora tena.

"Mwalimu," binti mmoja aliniambia, "nikibonyeza kitufe inasogea. Nikiacha, inalala."

Alikuwa ameueleza ugonjwa wote kwa sentensi mbili. Programu yake ilifika kwenye amri ya kusoma kibodi ikasimama hapo hapo, na mfumo wa kompyuta ukaiweka pembeni mpaka herufi iingie. Laini ya Rusizi ingeweza kukatika na kurudi, na skrini isingesema lolote.

Kijana aliyekaa jirani yake alipita njia nyingine. Programu yake ilichora, ikalala sekunde moja, ikaamka na kuchungulia kibodi haraka bila kungoja, ikachora tena. Namba zilitembea vizuri. Ila q ilichukua karibu sekunde nzima kuitikiwa, na mshale uliburuta. Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika mwaka 1968 kwamba mtu akibonyeza kitufe anatarajia kuona dalili ya jibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikizidi hapo, anaanza kudhani hakusikika, na mtu asiyesikika hubonyeza tena, na tena. Programu inapoamka inakuta mlundo wa vitufe, inavitii vyote, na fundi anajikuta amefungua mji ambao hakuutaka, saa nane za usiku, wakati wateja wa mji mwingine hawana intaneti.

Wa tatu aliondoa ule usingizi kabisa. Programu yake ikawa inazunguka maelfu ya mara kwa sekunde, ikiiuliza kibodi: kuna herufi? kuna herufi? Ilijibu upesi sana. Lakini feni ya laptop ilianza kuvuma, prosesa moja ikawa inafanya kazi asilimia 100 kwa ajili ya kuuliza swali lile lile, na betri ikaporomoka. Kwa kijana mwenye laptop ya mitumba ambayo betri yake imekwisha kuchoka, hasara hiyo inamkatiza masomo ya jioni nzima.

Safari ya herufi moja

Ili kupata tiba, lazima kwanza kuifuata herufi njiani. Ukibonyeza q kwenye Linux, herufi haiendi moja kwa moja kwa programu. Inapokelewa na keneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, na huko mna kitengo kinachoshughulikia terminali, yaani lile dirisha jeusi. Kwa desturi, kitengo hicho hukusanya herufi mpaka ubonyeze Enter, ndipo kinaikabidhi programu mstari mzima. Ndiyo maana unaweza kufuta ulichokosea kabla ya Enter, na programu isijue kamwe kwamba ulikosea. Kitengo hicho hicho ndicho kinachochapa kwenye skrini kila herufi unayobonyeza.

Utaratibu huu una historia yake. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, mtu alizungumza na kompyuta kupitia mashine za kuchapa. Iliyoenea sana iliitwa Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde, juu ya karatasi. Kilichokwisha kuchapwa hakikufutika. Kukusanya mstari mzima kwanza, kisha kuukabidhi, kulikuwa ni busara.

Mabaki ya zama zile bado yanatushika miguu. Ukibonyeza Ctrl pamoja na S kwenye terminali nyingi, skrini inaganda, na anayeanza hudhani kompyuta imekufa. Haikufa: amri hiyo ilitumika kuiambia mashine ya upande wa pili isitume kwanza, hadi iruhusiwe. Ctrl pamoja na Q huifungua. Kila kijana anayepita mikononi mwangu hujifunza hilo mapema, kwa sababu siku moja atalihitaji akiwa peke yake mbele ya seva ya watu.

Mwaka 1978 kampuni ya Digital ilitoa terminali ya VT100, yenye skrini ya mistari 24 na safu 80. Hii iliweza kupokea amri za kusogeza kielekezi popote kwenye skrini, kufuta mstari, kung'arisha maandishi. Kila amri ilianza kwa baiti yenye thamani ya 27, ile ya kitufe cha Esc. Madirisha meusi tunayofungua leo kwenye laptop yanaiga lugha ile ile.

Basi programu inayotaka kuwa hai lazima kwanza izungumze na keneli: usinikusanyie mistari, nipe kila herufi inapoingia, na usichape herufi kwenye skrini, nitachora mwenyewe. Bila ombi la kwanza, q haifiki mpaka mtu abonyeze Enter. Bila ombi la pili, kila kitufe kinaacha alama katikati ya namba za Musanze na Huye, na skrini inachafuka.

Motari na abiria

Baada ya hapo linabaki swali kuu: programu ingoje vipi?

Kigali kila mtu amepanda moto, yaani pikipiki ya abiria, inayoendeshwa na motari. Motari anatazama barabara ya Nyabugogo, anahesabu magari, anabadilisha gia. Abiria aliye nyuma akitaka kushuka, anamgusa bega. Motari ambaye angesimama kando ya barabara akingoja abiria aseme neno, asingefika popote. Hiyo ndiyo programu ya yule binti. Motari ambaye angegeuza kichwa kila mita moja kuuliza kama tumefika, angechoka na kuhatarisha wote. Hiyo ndiyo programu iliyokausha betri. Motari mzuri anajua kwamba bega lake litamwambia.

Unix ilipata bega la namna hiyo mwaka 1983, toleo la 4.2BSD lilipotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likiwa na amri iitwayo select. Kwa amri hiyo programu inaiambia keneli: niamshe herufi ikiingia kwenye kibodi, au muda huu ukiisha, chochote kitakachotangulia. Kisha inalala usingizi wa kweli, haili umeme wa prosesa hata kidogo. Herufi ikija, inaamshwa papo hapo. Isipokuja, muda unaisha, inaamka, inachora namba mpya, inalala tena.

Msomaji mwenye Linux anaweza kujionea sasa hivi. Fungua programu iitwayo top, inayoonyesha kazi zinazoendelea ndani ya kompyuta. Kwenye Linux nyingi hubadilisha skrini kila sekunde 3. Lakini bonyeza q wakati wowote katikati ya sekunde hizo, inatoka bila kusita.

Kuna jambo moja ambalo huwaponyoka hata waliokwisha kuielewa select. Tuseme umeiagiza ingoje sekunde moja. Mtu anabonyeza mshale baada ya nusu sekunde. Programu inaamka, inasogeza mstari, inarudi kungoja sekunde moja nzima upya. Mtu anabonyeza tena baada ya nusu sekunde. Ikiendelea hivyo, sekunde haitimii kamwe, na namba zinaganda kwa sababu tu mtu anatumia kibodi. Dawa ni kuandika pembeni saa ya mchoro unaofuata, na kila unapoenda kungoja, unangoja ule muda uliobaki tu. Na saa hiyo iwe ile inayokwenda mbele daima, kwani saa ya ukutani ya kompyuta hurekebishwa kupitia mtandao na inaweza kurudi nyuma. Kwenye Python inaitwa time.monotonic.

Soma vyote, chora mara moja

Mtu akikandamiza mshale bila kuachia, kibodi hurudia herufi hiyo mara nyingi kwa sekunde, pengine mara 30. Programu ikichora skrini nzima kwa kila herufi, na kila mchoro ukachukua sehemu ya ishirini ya sekunde, inazidiwa. Mtu anaachia kitufe, lakini mstari uliochaguliwa unaendelea kuteremka peke yake, ukipita Rusizi, ukipita Nyagatare, kwa sababu herufi za zamani bado ziko kwenye foleni.

Kanuni ninayowapa vijana ni fupi: ukiamshwa na kibodi, soma kila kilichopo kwenye foleni mpaka iishe, badilisha hesabu zako, kisha chora mara moja. Jicho halihitaji kuona kila hatua ya kati. Linahitaji kuona mahali mstari ulipo sasa.

Uzito wa mchoro

Skrini ya mistari 24 kwa safu 80 ina nafasi 1,920. Kwenye laini ya simu ya zamani iliyopitisha herufi 30 kwa sekunde, kuichora nzima kulichukua zaidi ya dakika moja. Watu wa Berkeley waliishi na kero hiyo. Bill Joy, alipokuwa akitengeneza kihariri cha vi kuanzia mwaka 1976, aliandika sehemu iliyotafuta njia fupi zaidi ya kusogeza kielekezi. Ken Arnold alijenga juu ya kazi hiyo maktaba iitwayo curses, na mchezo wa Rogue wa mwaka 1980 ukaitumia kumchora mchezaji akitembea ndani ya mapango yaliyoundwa kwa herufi.

Ufundi wa curses ni huu: inaweka kumbukumbu mbili, moja ya skrini ilivyo sasa, nyingine ya skrini unavyotaka iwe. Unachora kwa uhuru kwenye ya pili. Ukimaliza, inazilinganisha na kutuma tofauti tu. Kama namba ya Huye imebadilika kutoka 4 kuwa 5, zinatumwa baiti chache za kupeleka kielekezi pale na kuandika 5. Skrini haipepesi, na laini haijazwi bure.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuliheshimu jambo hili. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, Rwanda ilitegemea zaidi setilaiti kuzungumza na dunia. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Fundi wa Kigali aliyeingia kwenye seva iliyoko Ulaya alibonyeza herufi. Herufi ikapanda, ikashuka, jibu likapanda, likashuka. Ni safari ya zaidi ya kilomita 143,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga, kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa mitambo. Katika hali ile, programu iliyochora skrini nzima kila mara ilikuwa mateso, na iliyotuma tofauti tu ilivumilika.

Mwaka 2010, mikongo ya baharini ikiwa imeanza kufika, AfNOG, jukwaa la wahandisi wa mitandao wa Afrika, lilikutana hapa Kigali. Warsha zake zimejulikana kwa kuwaketisha mafundi mbele ya terminali, amri kwa amri. Leo nyaya ni nzuri, lakini fundi aliye njiani kwenda Karongi bado anaingia kwenye seva kwa intaneti ya simu, na milima haijahama. Programu inayotuma kidogo bado inamwokoa.

Mshale ni baiti tatu

Hapa pana kitendawili ambacho vijana hukipenda. Wanaandika programu inayotoka mtu akibonyeza Esc, kisha wanashangaa kwamba mshale wa juu nao unaifunga. Sababu ni kwamba mshale hauna herufi yake. Terminali hutuma baiti tatu mfululizo: 27, 91, 65. Ya kwanza ni ile ile ya Esc. Programu inayosoma baiti moja moja inaona 27, inasema kwaheri, na kuziacha 91 na 65 zikimwagika kwenye mstari wa amri.

Programu ikipokea 27 haiwezi kujua kama mtu amebonyeza Esc au kama huo ni mwanzo wa mshale. Njia iliyopo ni kungoja kidogo: baiti nyingine zikifuata haraka, ni mshale, zisipofuata, ni Esc. Maktaba ya ncurses, mrithi wa curses, isipoagizwa vinginevyo hungoja hadi sekunde nzima, na ndiyo maana Esc huonekana nzito katika baadhi ya programu. Ukiupunguza mno muda huo, kwenye laini mbovu baiti tatu za mshale zinaweza kufika zimetengana na kueleweka vibaya. Ninawashauri vijana wachague muda mfupi, kisha wajaribu kwa intaneti ya simu, na wasiridhike na majaribio ya ofisini peke yake.

Kigali ina mtihani wake wa ziada. Majina yetu mengi yana alama za Kifaransa: Désiré, Aimée, Théogène. Katika mpangilio wa UTF-8 unaotumika leo, herufi é ni baiti mbili, 195 na 169. Programu inayodhani kila herufi ni baiti moja inamgeuza Désiré kuwa takataka, na kufuta herufi moja kunaacha nusu ya é imekwama. Jina la mtu ni kitu cha kwanza anachoandika kwenye mashine. Programu isiyoweza kulipokea sawasawa haijakamilika, hata kama namba zake zote ni sahihi. Python inayo amri ya get_wch inayosoma herufi nzima, itumieni.

Mkono mmoja wa kuchora

Kuna kazi zinazochelewa kwa asili yake. Kuiuliza ruta ya Rusizi kunaweza kuchukua sekunde mbili kama laini ni mbovu, na ndiyo siku fundi anapoihitaji skrini kuliko siku zote. Swali hilo likiulizwa katikati ya mzunguko ule ule unaosikiliza kibodi, q inakufa kwa sekunde mbili kwa kila mji ulioanguka. Miji mitano ikianguka pamoja, programu inaganda kabisa.

Kwa hiyo kazi nzito inatengewa wafanyakazi wake, nyuzi nyingine ndani ya programu au programu ndogo pembeni, ambazo zinauliza, zinangoja, na kuleta majibu. Hapa kuna sharti moja ambalo silegezi: wafanyakazi hao hawaruhusiwi kugusa skrini. Wawili wakichora kwa pamoja, amri ya mmoja ya kusogeza kielekezi huingia katikati ya amri ya mwingine, na namba ya Rubavu inaangukia kwenye mstari wa Huye. Maktaba ya ncurses kwa kawaida haikuundwa kuchezewa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Wafanyakazi waweke majibu kwenye foleni, na mkono mmoja tu uyatoe na kuyachora.

Uzuri wa Unix unaonekana hapo. Kibodi, mtandao na paipu ya kupitishia taarifa kutoka kwa mfanyakazi, vyote keneli huvionyesha kama faili. Hivyo select inaweza kuvisikiliza vyote kwa pamoja: niamshe mtu akibonyeza, au mfanyakazi akileta jibu, au sekunde ikitimia. Mzunguko mmoja, masikio mengi, mkono mmoja.

Kuondoka kwa heshima

Programu iliyoiomba keneli ibadilishe desturi zake ina deni: ikiondoka irudishe kila kitu kilivyokuwa. Ikianguka kwa hitilafu bila kurejesha, mtu anabaki na terminali isiyoonyesha anachoandika. Anabonyeza, haoni kitu, na mara nyingi anafunga dirisha pamoja na kazi yake yote. Anayekutwa na hali hiyo aandike reset, au stty sane, hata bila kuona herufi, kisha abonyeze Enter. Enter ikigoma, Ctrl pamoja na J itafanya kazi yake. Lakini huo ni msaada kwa aliyekwisha kuumizwa. Mwandishi anayejali huweka urejeshaji mahali ambapo utatekelezwa hata programu ikivunjika. Kwenye Python, curses.wrapper inafanya hivyo kwa mstari mmoja.

Vivyo hivyo mtu akipanua au kupunguza dirisha, keneli hutuma ishara. Programu iipokee, ipime upya, ichore upya. Na akibonyeza Ctrl pamoja na C, amri ya tangu zamani ya kusimamisha, asikilizwe, na terminali iachwe safi.

Kipimo cha kubeba nyumbani

Vijana huniuliza kama haya yatawasaidia watakapoandika programu za simu. Yatawasaidia tangu siku ya kwanza. Kwenye Android, programu inayoshindwa kupokea mguso wa mtu kwa sekunde 5, mfumo wenyewe humtangazia mtumiaji kwamba haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga. Kosa ni lile lile la zoezi letu la Biryogo: kazi nzito imewekwa kwenye uzi ule ule unaopaswa kumsikiliza mtu. Ukurasa wa wavuti unaoganda, mashine ya benki isiyoitikia kitufe, kompyuta ya duka inayomfanya karani abonyeze mara tatu na kumwandikia mteja bidhaa tatu, zote zinaugua hapo.

Ndiyo maana zoezi halipiti kwangu kwa sababu tu namba zinatembea. Nachukua laptop ya kijana na kufanya mambo manne. Nachomoa waya wa mtandao ili kila ruta ikose jibu. Nakandamiza mshale wa chini kisha naachia, nione kama mstari unasimama pale pale. Nabadilisha ukubwa wa dirisha. Mwisho nabonyeza q mtandao ukiwa bado umekatika, na baada ya hapo naandika neno lolote nione kama terminali inalionyesha. Msomaji anaweza kuipima hivyo programu yoyote anayoitegemea kazini, na ana haki ya kudai ifaulu. Mashine inaweza kukosa jibu la Rusizi. Laini hukatika, na hilo si kosa la mwandishi wa programu. Kumkosesha jibu mtu aliyeketi mbele yake, mwenye kidole juu ya kitufe, ni kosa la mwandishi, na linatibika kwa kazi ya alasiri moja.